Naomba ushauri: picha 15 za Associate, nimsikilize nani?

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mpiga picha, naishi Leicester, Uingereza. Mwaka jana nilipata Licentiate, daraja la kwanza la heshima la Royal Photographic Society (chama cha wapiga picha cha Uingereza), ile ya picha 10. Sasa najiandaa na Associate, daraja linalofuata: picha 15, maelezo ya dhamira yasiyozidi maneno 150, na mpangilio wa namna picha zitakavyokaa, maana waamuzi wanazitazama zote pamoja kama kazi moja.

Mada yangu ni mafundi wa majahazi. Nilipiga Nungwi, Zanzibar, nilipokwenda nyumbani, na hapo ndipo nilipokwama. Ninayo picha ya mzee akitia kalafati kuziba nyufa za jahazi, pamba imelowa mafuta, kidole gumba kimebana mshono wa mbao. Naipenda kupita zote. Mshauri mmoja kaniambia niitoe, mwanga wake wa jioni hauendani na zile za asubuhi. Mwingine kasema hiyo ndiyo roho ya kazi, nitoe nyingine. Wiki ya tatu hii napanga na kupangua mezani, nimechoka kweli.

Wenye uzoefu, nisaidieni. Mlishika mshauri mmoja au kadhaa? Nizigeuze zote ziwe nyeusi na nyeupe ili zishikamane, au nitakuwa nimeiua rangi ya mbao? Pia namtafuta mtu anayeijua kazi ya majahazi anisomee yale maneno 150 kabla sijayatuma. Kwa sasa yanaizungumzia kamera yangu kuliko mafundi wenyewe.