Tupeane uzoefu: ni fundisho gani la imani limebadilisha utendaji wa kanisa lenu hapa Goma?

Mzee wa kanisa, Ndosho

Wapendwa katika Bwana, hapa mjini hatukosi mafundisho: tuna mahubiri ya Jumapili, katekisimu na semina za juma zima. Kinachopungua ni ushuhuda wa namna mafundisho hayo yanavyoamua mambo ya kawaida, yaani fedha za sadaka ziende wapi, nani aachiwe nafasi ya kuketi, na tuseme nini tunapofika kwenye kilio. Ninaomba kila mmoja ataje fundisho moja, na jambo moja ambalo kanisa, shirika au nyumba yake ilifanya kwa sababu ya fundisho hilo.

Ninaanza na la kwetu. Mapigano yalipokaribia Sake, mji jirani na Goma, mwezi wa Februari 2024, jamaa nyingi zilikuja kulala ndani ya kanisa letu, na Jumapili ya Meza ya Bwana ilikuwa inakaribia. Baadhi ya wazee walishauri kwamba wageni wahamishiwe kwanza kwenye madarasa ya shule ya Jumapili ili ibada ifanyike kwa utaratibu. Mchungaji aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatusomea 1 Wakorintho 11, aya ya 20 hadi 22, akatuonyesha kwamba Paulo hakuwakemea Wakorintho kwa kukosea maneno ya ibada, bali kwa sababu wengine walishiba huku wengine wakibaki na njaa, na ndiyo maana akawaambia kwamba kile wanachokula si chakula cha Bwana.

Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena madarasa. Siku ile mama wa kanisa walipika bugali na maharagwe katika sufuria za harusi, mikeka ya wageni ikakunjwa na kupangwa chini ya madirisha, tukala sote pamoja, na ndipo mkate na kikombe vikaletwa. Tangu wakati ule, katika juma la Meza ya Bwana, mashemasi hupita nyumbani kuuliza ni nani hajapika. Kwa maoni yangu, ziara hiyo ni sehemu ya sakramenti yenyewe, wala si kazi ya ziada ya idara ya huruma.

Mama wa shirika, Himbi

Asante, Mzee. Sisi Wakatoliki tunakutana kila juma katika shirika, kwa kufuata njia ambayo maaskofu wa Kongo waliichagua mwaka 1961, ya kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za majirani. Tumezoea kusoma kwamba kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia nacho. Mwanzoni mwa mwaka 2025 benki zilipofungwa hapa mjini, neno hilo lilitudai hesabu, kwa kuwa walimu na wafanyakazi wa mshahara hawakuweza kufikia fedha zao, wakati wale wanaouza sokoni walikuwa bado na kidogo mkononi.

Tulikuwa na mfuko uliokopesha kwa riba ndogo, na mjadala ulikuwa mrefu. Mwenye kuutunza alihofu kwamba ungekwisha, na hofu yake ilikuwa ya haki. Tulisoma Kutoka 22:25, panapokatazwa kumtoza riba maskini, tukakubaliana hivi: anayekopa kwa ajili ya chakula, dawa au kodi ya nyumba anarudisha kile alichochukua tu, na anayekopa kwa ajili ya biashara anaongeza kidogo. Katika daftari letu sasa kuna kurasa mbili zinazotazamana, upande mmoja «mahitaji», upande wa pili «biashara», na aliyekopa anaweka sahihi mwenyewe.

Shemasi na muuguzi, Majengo

Ninaomba kuchangia juu ya kilio. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, tulisikia wahubiri wakisema kwamba Mungu anauadhibu mji kwa dhambi zake. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu walioambiwa hivyo walikuwa wametoka kupoteza nyumba, na wengine watu wao. Yesu aliletewa habari ya jambo la aina hiyo katika Luka 13, naye akataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakana kwamba walikuwa na hatia kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Kisha akawaita wasikilizaji wote watubu. Mwaka 2002 lava iliharibu hata kanisa kuu la hapa Goma. Je, tutasema kwamba waliosali humo walikuwa wabaya kuliko sisi?

Kikundi chetu cha kutembelea wafiwa kiliweka kanuni. Tunafika na makala (mkaa wa kupikia) na maji, tunaketi, na hakuna anayeruhusiwa kueleza kwa nini mtu amekufa. Marafiki wa Ayubu waliketi naye siku saba bila kusema neno, na makosa yao yalianza walipofungua kinywa. Tukiombwa kusoma, tunasoma Zaburi ya 13 au ya 88. Hii ya pili inaishia gizani, bila faraja yoyote mwishoni, na mara nyingi nimeona mfiwa akiinua uso hapo, kwa kuwa amesikia maneno yake mwenyewe ndani ya Biblia.

Muuzaji, Soko la Virunga

Langu ni fupi. Mithali 11:1 inasema juu ya mizani ya udanganyifu. Mimi ninapima unga kwa kopo ambalo kitako chake hakijabonyezwa ndani, na mteja akitaka kulishika na kulitazama, ninampa.

Mwanafunzi wa teolojia

Mzee wa Ndosho, je, hamwogopi kwamba watu watakuja Mezani kwa ajili ya bugali?

Mzee wa kanisa, Ndosho

Ndugu, swali lako ni zuri. Katika Yohana 6:26 Yesu aliwaambia watu wazi kwamba walimtafuta kwa sababu ya mikate, lakini alikuwa amekwisha kuwalisha kabla ya kuwaambia hivyo, na baada ya hapo akaendelea kuwafundisha. Sisi tunafuata mpangilio huohuo: wageni waliobaki wanapata darasa la ubatizo siku ya Jumatano, na hakuna anayenyimwa sahani kwa kutohudhuria.

Mama wa Himbi, tafadhali utueleze pia mnafanyaje na yule wa ukurasa wa «mahitaji» ambaye muda umepita na hana cha kurudisha.