Shotigani ya zamani: kitako kinabanduka vanishi, nipake mafuta gani?

Mwana_Mikindani
Wakuu, nina shotigani ya mtutu mmoja, kibali kipo. Vanishi ya kitako inatoka magamba, kina mibonyeo miwili, na shingoni karibu na chuma mbao imekuwa nyeusi. Nataka kukitengeneza hapa nyumbani. Mafuta ya ganda la korosho yanafaa? Huku ndiyo rahisi kupata.

fundi_mninga
Korosho achana nayo. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na kitako kinakaa shavuni. Ya nazi nayo hayakauki. Nunua linsidi (mafuta ya mbegu za kitani) iliyochemshwa; mbichi inachelewa mno kukauka.

Hakikisha chemba (panapokaa risasi) ni tupu, kisha tenganisha mbao na chuma. Nyingi za mtutu mmoja zina bolti ndefu ndani ya kitako: fungua bamba la nyuma utaiona. Tumia bisibisi bapa inayojaa mfereji wa bolti, la sivyo unaila kichwa. Halafu rudisha bamba ndipo upige msasa, kingo zisije zikawa duara.

Vanishi itoe kwa dawa ya kubandua rangi. Vipande vya kioo wanavyokwangulia maseremala vinachimba mbao, viache. Mbonyeo usiusugue: weka kitambaa kibichi, gusa kwa pasi ya moto sekunde chache, mvuke utainua nyuzi zilizolala. Zilizokatika haziinuki.

Huo weusi kwa kawaida ni mafuta ya bunduki yaliyozama. Saga chaki, ikoroge na asetoni iwe uji mzito, paka, ikikauka ipanguse. Itatoka na rangi ya kahawia; rudia mpaka itoke nyeupe. Fanyia nje, mbali na moto. Ukiruka hatua hii linsidi haitashika hapo.

Msasa namba 150, kisha 220, kisha 320, kwa kufuata nyuzi. Inapokutana na chuma usiguse, mbao ikishuka chini ya chuma ndiyo basi. Penye nakshi, mswaki tu.

Mwana_Mikindani
Shukrani mkuu. Nipake mikono mingapi? Huku pwani unyevu hauishi.

Lindi_Kwetu
Wa kwanza linsidi na tapentaini nusu kwa nusu. Inayofuata linsidi tupu, matone machache, sugua kwa kiganja, baada ya dakika 15 futa yote iliyobaki juu. Mikono 5 hadi 8. Kiangazi mmoja kwa siku. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, subiri siku 2 au 3. Kidole kikinata, bado. Wengi wanapaka nene: juu inashika ngozi, chini mbichi, mwisho inakunjamana. Ikifika hapo ni kuivua kwa tapentaini na stiliwuli laini kabisa, namba 0000.

Chini ya bamba na ndani ya tundu la bolti paka pia, unyevu hupenda kuingilia huko.

Matambara ya linsidi usiyarundike! Yakikauka yanatoa joto, yanaweza kuwaka yenyewe. Yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

fundi_mninga
Nyongeza: vanishi ikitoka kagua shingo. Ukikuta ufa, usiipige bunduki hiyo kwanza. Na ukimpa seremala kazi, mpelekee mbao tu, chuma kibaki nyumbani kimefungiwa.