Halmashauri nne, mto mmoja: nani alipie utafiti wa mafuriko?

Wa_Bondeni
Wakuu naombeni mawazo. Mto wetu unapita halmashauri nne na sisi ndo wa mwisho, yaani ikinyesha huko juu usiku asubuhi maji yako mlangoni kwetu hata kama kwetu halijadondoka tone. Sasa kuna wazo la utafiti wa bonde zima wote tuchangie, ila wale wa juu kabisa wamegoma, wanasema kwao hakufuriki. Na madiwani wetu nao nusu wanataka hela hiyo ichimbe mitaro tu yaishe. Aliyewahi kupitia hii kitu aniambie mligawanaje gharama.

MamaKamati
Nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo. Kosa letu la kwanza tuliwafuata wa juu na ombi la hela kabla ya kuwauliza shida yao ni nini, na kumbe walikuwa nayo kubwa tu, makorongo yanakula barabara na kalavati zinasombwa kila msimu. Tulipoyaingiza hayo kwenye utafiti ndo wakakubali kuchangia. Mgao ulikuwa hivi, kila halmashauri kiasi kidogo kinacholingana ili kura ziwe sawa, halafu kilichobaki tukagawana kwa ukubwa wa eneo linalomwaga maji mtoni na kwa idadi ya watu walio hatarini. Hapo kwenye idadi ya watu tulibishana sana! Mmoja akashika akaunti na kusaini mkataba na mshauri mwelekezi, wengine hati ya makubaliano. Andikeni mapema mtu akijitoa katikati inakuwaje, sisi mmoja alijitoa baada ya uchaguzi kazi ikalala miezi.

Jembe
Ripoti ngapi zimeishia kabatini jamani. Safisheni mto, chimbeni mitaro, watu wanalala juu ya meza na watoto.

Fundi_Maji
Jembe uchungu wako naujua ila piga hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 1. Bonde la kilomita za mraba 100 likipigwa milimita 50 hiyo ni mita za ujazo milioni 5, hata ardhi ikinywa nusu, mtaro gani utabeba? Na ukipanua mto kwako unamsukumia jirani wa chini maji haraka zaidi. Waholanzi wamejenga matuta ya kuzuia maji karne na karne, ila baada ya kunusurika mafuriko ya 1993 na 1995 wakaanza kuupa mto nafasi, pale mji wa Nijmegen wakarudisha tuta nyuma mita 350 na kuchimba mkondo wa pili. Tena kule kuna bodi za maji zinazotoza kodi yake zenyewe, hazingoji huruma ya halmashauri.

Hilo la kabati dawa yake ni hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi mnayompa mshauri. Dai orodha ya miradi yenye gharama na ipi itangulie, ili hela ya wafadhili au serikali kuu ikitokea muwe na andiko tayari. Dai pia modeli (ile ya kompyuta inayoonyesha maji yatafika wapi) na data zote mkabidhiwe nyie, sio kitabu kilichojaladiwa tu. Kalavati zote zipimwe, na wazee waulizwe maji yalifika wapi ukutani, alama zile ni data kabisa. Na waelezeni madiwani kwamba “mafuriko ya miaka 100” sio kwamba yakija leo mnapumzika karne, ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, ambao kwa miaka 30 unafika kama asilimia 26.

Wa_Bondeni
Asanteni sana, hili la makorongo sikuwahi kulifikiria, nitaomba tuwafuate huko huko kwao tukayaone kwanza. MamaKamati, watu walio hatarini mlihesabu wanaolala bondeni tu au na wanaoshinda mchana? Kwetu shule mbili ziko kando ya mto.

MamaKamati
Wanaolala tu, na tulikosea. Watoto wahesabuni.