Janga likiingia, mmisionari mgeni abaki au apande ndege?

Mpiga Kasia (mleta mada)

Wakuu, salaam. Parokiani kwetu tunachangishana fedha za kumpeleka kijana wetu umisionari nje, na tayari kuna ubishi: ugonjwa wa mlipuko ukiingia huko aliko, abaki au arudi?

Mimi mawazo yangu yamekwama Monrovia, Liberia, mwaka 2014. Hospitali ya Mtakatifu Yosefu iliendeshwa na mabruda wa Mtakatifu Yohane wa Mungu, na Ebola ikaingia humo humo ndani. Mkurugenzi wake, Bruda Patrick Nshamdze, Mkameruni, alifariki Agosti 2. Waliomuuguza nao wakaanza kuugua. Hispania ikatuma ndege ya jeshi, ikamchukua padri Miguel Pajares, Mhispania wa miaka 75, pamoja na sista Juliana Bonoha, mzaliwa wa Guinea ya Ikweta mwenye uraia wa Hispania. Wakaachwa sista Chantal Pascaline Mutwamene, Mkongo, na sista Paciencia Melgar, naye wa Guinea ya Ikweta ila hakuwa na pasipoti ya Hispania. Masista wote watatu ni wa shirika moja na walihudumu hospitali ile ile. Pascaline alifariki Agosti 9. Pajares naye hakupona, alifia Madrid Agosti 12.

Paciencia alipona huko huko Liberia. Baadaye alisafiri hadi Hispania kutoa plazma (majimaji) ya damu yake, yenye kinga ya aliyepona, na ikapewa Teresa Romero, muuguzi aliyeambukizwa Madrid akimhudumia mmisionari mwingine aliyeletwa kutoka Sierra Leone. Yaani damu ya yule aliyeachwa ndiyo iliyokuja kutafutwa.

Msimamo wangu: asiyekuwa tayari kukaa na wenyeji siku ya tauni asiende tangu mwanzo. Na kama ndege inapakia kwa pasipoti, basi tusiambiwe mimbarini kwamba sote ni familia moja, au tuambiwe na masharti yake.

Nesi wa Zamu

Mleta mada, habari ya Pascaline inauma, sikatai. Lakini umechanganya kubaki na kufaa. Kuna waliobaki wakawa wao ndio mlango wa ugonjwa.

Nenda Yambuku, Zaire (Kongo ya leo), 1976. Hospitali ya misheni, masista wa Kibelgiji, watu wa kujitolea kwelikweli. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu za kutumika kutwa nzima, na kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwa maji basi. Wajawazito walikuja kliniki kuchomwa vitamini wakarudi nyumbani na Ebola, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa hata na jina. Wagonjwa 318, waliokufa 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile walikufa 11, masista wakiwemo. Hakuna wa kuwaambia walikimbia! Mwaka 1995 pale Kikwit, Zaire hiyo hiyo, Ebola iliporudi, masista sita wa Kiitalia wa shirika la Bergamo nao walikufa kwa kuuguza.

Kwa hiyo mimi simwulizi mmisionari kama ana moyo. Namwuliza ana glavu za kutosha? Amefundishwa kuvaa na kuvua mavazi ya kinga? Kuvua ndiko kunakoua, waulizeni waliofanya kazi hiyo. Mwenye ujuzi na vifaa abaki. Aliyekuja kuhubiri tu aondoke mapema, viwanja vya ndege vikiwa bado wazi, asije akalala kwenye kitanda cha oksijeni ambacho mwenyeji angekihitaji.

Kalunde

Dada Nesi, hapo kwenye "kuhubiri tu" umeniacha. Anayekufa hahitaji sindano peke yake. Tauni ilipoingia Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1527, Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, alibaki, na katika barua yake ya mwaka ule aliandika kwamba wachungaji wana deni kwa wanaokufa, hawana ruhusa ya kuwatupa. Wasiofungwa na wajibu wa namna hiyo ndio walio huru kuondoka. Wakati huo huo alisema atakwepa mahali asipohitajika, asije akawaambukiza wengine. Mtu mmoja kasema yote mawili.

Halafu huo ushauri wa kuondoka mapema nao una yake. Machi 2020 Kanisa la Wamormoni, lenye wamisionari zaidi ya 60,000 duniani, wengi wao vijana wadogo, lilianza kurudisha maelfu makwao. Machi 22 walitua Salt Lake City mamia kwa mamia kutoka Ufilipino. Familia ziliambiwa zisijazane, zikajazana kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, mabango na kukumbatiana. Umemwondoa mtu Manila usiwaambukize watu, ukamshusha katikati ya umati!

Abuu Hamid

Assalaam alaykum. Kwetu jambo hili lina hadithi mashuhuri ya Mtume katika vitabu vya Bukhari na Muslim: mkisikia tauni ipo katika nchi msiingie, na ikitokea mlipo msitoke kwa kuikimbia. Khalifa wetu Sayyidna Umar alirudi njiani alipopata habari za tauni ya Sham (Syria na jirani zake), na sahaba Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu: tunaikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu. Huko hakuna pasipoti.

Lakini nimeingia kwa sababu nyingine. Nyote mnazungumza kama vile mgeni ana hiari. Machi 2020 wageni wa Tabligh, jumuiya ya wahubiri wa Kiislamu wanaosafiri, walikuwa India, na Markaz (makao yao makuu) ya Nizamuddin jijini Delhi ikawa gumzo la nchi nzima. Ndege zilisimama. Waliotaka kurudi wakashindwa, wakafunguliwa mashtaka, wakaitwa wasambazaji wa korona kwenye televisheni. Agosti 21, 2020, Mahakama Kuu ya Bombay, tawi la Aurangabad, ilifuta mashtaka dhidi ya wageni 29, wakiwemo Watanzania wenzetu, na majaji wakasema wazi kwamba wageni hao walifanywa mbuzi wa kafara.

Mwanachuo

Shehe, mbona umeruka Malaysia? Mkusanyiko wa Tabligh hao hao kwenye msikiti wa Sri Petaling, Februari 27 hadi Machi 1, 2020, ulikuwa na watu wapatao 16,000, na maambukizi yalitoka pale yakavuka mipaka. Mahakama ya India kuwasafisha wale 29 hakufuti hilo.

Nami naongeza bonde la Javari, Brazil. Kule kuna makabila yaliyojitenga, mafua tu yanaweza kuwamaliza. Aprili 2020 wenyeji wa bonde hilo walikwenda mahakamani, na jaji akawazuia wamisionari kuingia. Kwa watu kama hao suala la abaki au arudi halipo kabisa. Asikanyage.

Abuu Hamid

Sijaruka, kijana. Sri Petaling ilikuwa kosa, kukusanyika wakati ule hakukuwa na utetezi. Nilichosema ni kwamba mgeni akikwama huhukumiwa kwa dini yake kabla ya kupimwa. Na hilo la Javari nakuunga mkono.

Mpiga Kasia

Mmenitikisa, hasa Nesi. Basi nitabadili namna ya kuuliza parokiani: kabla kijana hajaondoka, iandikwe nani atalipia ndege ya dharura, na yule katekista mwenyeji atakayefanya naye kazi, akiugua, amo kwenye ndege hiyo au hamo. Wakisema hamo, mchango wangu nauondoa.

Nesi wa Zamu

Na ndege ikiwa na kitanda kimoja?

Mpiga Kasia

Apande mwenye nafasi kubwa zaidi ya kupona. Aamue daktari, si ubalozi.

Abuu Hamid

Mafuta ya ndege anayalipa daktari, mkuu?