Nyumba ya kupanga Tanga mjini: Ngamiani, Raskazone au Kange? Mtoto ana usonji

MamaNasri
Asalam alaykum na habari za jioni wote. Jamani naomba mawazo yenu, mwenye nyumba wetu anataka nyumba yake, mwanawe anaoa, tumepewa mpaka mwisho wa mwezi. Dalali katuonyesha tatu. Ngamiani vyumba viwili kwenye nyumba ya Kiswahili, ua wa pamoja, hapo kwa mama yangu ni kuvuka barabara tu. Raskazone, karibu na bahari, banda la uani, kiwanja cha mtu anayeishi Dar, kimya kabisa, miembe na upepo. Kange nyumba nzima peke yetu, mpya, ila fensi bado. Bei hazipishani sana na wote wanataka miezi sita. Mwanangu ana usonji na kelele zinamtesa. Mimi moyo uko Raskazone, baba yake anasema Kange. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Mgosi_Chumbageni
Waalaykum salaam dada. Mbona umetuachia nusu ya habari? Mtoto ana miaka mingapi, anaongea au haongei, na kubwa kuliko yote, ANATOROKA? Anasoma wapi, nani anabaki naye ukiwa kazini? Usonji wa huyu na wa yule havifanani, mpwa wangu anaogopa mvua ikipiga bati, mwenzie wa darasa moja anaikimbilia.

BiMkasi
Ngamiani, usiulize mara mbili. Mwanangu kulea mtoto huyu peke yako kwenye nyumba ya uzio ni kujimaliza, utaumwa presha. Ukiwa kwa mama utaoga, utalala, utakwenda sokoni hata saa nzima bila wasiwasi. Mimi nimelea mjukuu wa namna hiyo mtaa mzima unamjua, akionekana barabara nyingine anarudishwa kwa mkono na watu wanamwita kwa jina.

Kijana_wa_Duga
BiMkasi shikamoo, lakini Ngamiani kelele si mchezo. Spika, bodaboda, vigodoro wikiendi. Mtoto anayeteswa na kelele unampelekaje pale?

BiMkasi
Marahaba. Na hiyo spika unayoisema kama ni adhana naomba uiache kando. Adhana ina wakati wake, mtoto anaizoea.

MamaNasri
Samahanini niliandika haraka, simu ilikuwa inaisha chaji. Nasri ana miaka saba, maneno yake hayafiki kumi, anaelewa mengi kuliko anavyosema. Yupo kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kwenye shule ya msingi mjini, mimi nafundisha cherehani hapohapo mjini mpaka saa tisa, mchana anashinda na mama yangu. BiMkasi adhana wala haimsumbui, kinyume chake anatulia kabisa anatazama juu mpaka iishe. Kinachomchafua ni mashine ya kusaga na pikipiki zilizotobolewa eksozi, hapo anajipiga masikio, anajirusha chini, na ikishaanza si dakika tano. Halafu choo. Hataki choo alichotoka mtu sasa hivi, lazima pakae kidogo, na ndoo iwe ileile ya bluu. Ndio maana ua wa pamoja naufikiria mara mbili, wapangaji wanne choo kimoja.
Kutoroka, ndio, akikuta mlango wazi anatoka. Anapenda maji.

Mgosi_Chumbageni
Basi umejijibu. Anapenda maji na unataka Raskazone?

PwaniRaha
Jamani msimtishe. Wangu ana miaka tisa na bahari ndiyo dawa yetu kubwa kuliko vyote tulivyojaribu. Jumamosi asubuhi maji yakikupwa tunatembea kwenye mchanga mgumu, anakaa kwenye vile vidimbwi anachezea mpaka ananyooka mwili, usiku ule analala moja kwa moja. Tena baba yake anamfundisha kuogelea taratibu. Raskazone utamtoa jioni bila bajaji, bila foleni ya daladala, na hospitali ya Bombo iko jirani akiumwa. Mimi kura yangu Raskazone.

BabaIlham
Huwa nasoma tu humu ila leo naandika. Dada MamaNasri naomba usome mpaka mwisho.
Sisi tulipanga nyumba karibu na maji, eneo silitaji. Ilham alikuwa na miaka sita, haongei, na maji yoyote hata dimbwi la mvua anayafuata mbio. Siku hiyo alasiri mimi kazini, mama yake jikoni anakaanga samaki, mleta mkaa kaingia na gunia kashusha katoka, geti kaliegesha tu. Mke wangu anasema alikuwa anamsikia mtoto sebuleni na kile kiwimbo chake cha mm-mm-mm, akageuza samaki upande wa pili, kimya. Kimya kile kila mzazi wa humu anakijua. Sebuleni hamna, uani hamna, ndala zake zipo mlangoni. Majirani wakatoka wote, Mungu awalipe, wanakimbia barabarani wanaita Ilham Ilham, na Ilham haitikii jina lake hata ukiwa umepiga magoti mbele yake, kwa hiyo wanapita wanaita wanasikiliza jibu ambalo halitakuja. Aliyemuona ni mzee mmoja anashona nyavu chini ya mkungu, kaona mtoto wa gauni la njano anaingia majini anatembea hasimami, maji yanajaa, yamemfika kifuani na anacheka. Mzee kaingia na nguo zake kambeba. Mtoto hataki kutoka, anapiga kelele, kamng'ata mzee mkono mpaka damu, sasa waliokuja mbio kutoka barabarani wanaona mzee kabeba mtoto anayelia wakataka kumpiga wakidhani anamuiba. Mpaka mke wangu alipofika ndio ikaeleweka. Tukahama mwezi uleule, na kodi iliyobaki mwenye nyumba hakurudisha hata shilingi, kasema hayo ni mambo yetu.
Sisemi bahari ni mbaya, tunampeleka mpaka leo. Nasema kulala nayo mlango mmoja ni kitu kingine.

MamaNasri
Nimesoma mara mbili, mwili umenisisimka. Pole sana kaka, na huyo mzee Mungu ampe umri mrefu.

Mwl_Sahare
Kaka BabaIlham asante kwa kuandika hili. Naongezea kidogo maana nafundisha watoto hawa. Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 2012, wazazi waliulizwa, na karibu nusu ya watoto wenye usonji walikuwa wamejaribu kutoroka walau mara moja baada ya kutimiza miaka minne. Wengi wao hawakimbii mtu wala hawakimbii nyumba, wanafuata kitu wanachokipenda au wanakimbia kitu kinachowaumiza. Na maji ndiyo yanaua. Kwa hiyo mtoto wa aina hii akipotea, kabla ya kwenda barabarani nendeni kwanza kwenye maji: bahari, kisima, shimo la choo linalochimbwa, pipa.
Kwa Nasri hata Kange uangalie, nyumba mpya mara nyingi ina shimo la maji taka halijafunikwa au tangi la ardhini.

Fundi_Vitasa
Kange bila fensi ni kazi ndogo, weka grili mlangoni na komeo juu asikofika, kufuli nje mkilala, habari imeisha.

NesiMstaafu
Kufuli nje HAPANA kaka yangu. Moto ukitokea mnatokaje? Komeo la juu kwa ndani sawa, na funguo ikae mahali pamoja ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua gizani. Kuna kengele ndogo za betri za kubandika mlangoni, mlango ukifunguliwa inalia. Hiyo inasaidia kuliko kufuli.

Fundi_Vitasa
Nimekuelewa mama. Ila hizo za betri watoto wanazibandua. Grili bado naisimamia.

Kijana_wa_Duga
Mimi naomba niulize tofauti kidogo. Mmejaribu kumuondolea ngano na maziwa? Kuna mtu naona video zake anasema mtoto alianza kuongea. Na kuna wanaosema usonji unaletwa na zile chanjo za utotoni.

NesiMstaafu
Mwanangu la chanjo tulimalize hapahapa. Lilitoka kwa daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, aliandika 1998 juu ya watoto kumi na wawili tu, jarida lenyewe likaifuta karatasi ile 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya laki sita, matokeo yakatoka 2019, waliochanjwa surua na wasiochanjwa hakuna tofauti ya usonji. Surua nimeiona wodini kwa macho yangu, sitaki mzazi yeyote aiogope sindano akaiacha surua.
Ngano na maziwa ushahidi ni hafifu. Mtoto anayekula wali na chapati tu ukimwondolea chapati unabaki na nini? Mpeleke aonwe kwanza.

PwaniRaha
Wangu tulimtoa maziwa tumbo likatulia, siwezi kudanganya.

NesiMstaafu
Tumbo kutulia naweza kuamini dada, kuna watoto maziwa hayawapatani, wenye usonji na wasio nao. Akiwa haumwi tumbo hata tabia inatulia. Hilo ni tofauti na kuponya usonji.

BiMkasi
Turudi kwenye nyumba. Hakuna aliyemuuliza huyu mama analala saa ngapi. Kange kwenda mjini kila alfajiri na mtoto asiyetaka kelele ndani ya daladala, halafu bibi yake yupo Ngamiani, mchana nani anamfuata? Mnahesabu mtoto tu, mama hamumhesabu.

MamaNasri
BiMkasi umenigusa. Kweli usiku anaamka saa nane anataka kucheza na mimi ndiye naamka naye. Baba yake anafanya kazi za usiku bandarini. Mama yangu naye magoti, hawezi kupanda gari kuja Kange kila siku.

Mgosi_Chumbageni
Na wapangaji wa Ngamiani umewaona? Maana nyumba ni watu. Dada yangu alihamishwa nyumba ya pamoja kwa maneno, mara mtoto ana mapepo, mara mama hakumfunga hirizi, mwenye nyumba akawasikiliza wapangaji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi lakini nani ana nguvu ya kwenda kushtaki huku anatafuta pa kulala. Nenda kaongee nao kabla ya kulipa, waambie mtoto yukoje, angalia nyuso zao.

BiMkasi
Hapo kaka umesema. Na mmoja akimpenda mtoto wengine wanafuata. Peleka na visheti, kaa nao uani uwaeleze.

MamaNasri
Nilikwenda mara moja, mama mmoja mkubwa pale alimpa Nasri kifuu cha nazi achezee maji kwenye karai, hakuuliza kitu. Wengine sijawaona. Raskazone sasa naiogopa, ingawa dalali anasema geti la chuma na ukuta mrefu. Baba yake jana kakaza Kange, anasema fensi ya mabati ataweka mwenyewe wakikatana kwenye kodi.

BabaIlham
Geti la chuma hata letu lilikuwa la chuma.

Mwl_Sahare
Kabla hujalipa popote nenda na Nasri mwenyewe, nyakati mbili tofauti. Alfajiri mabasi ya stendi ya Kange yanapotoka, na jioni watu wakiwa uani Ngamiani. Muache atembee, uone mkono unakwenda sikioni au hauendi. Na wapi iko mashine ya kusaga ya karibu, hilo ulize majirani, dalali hatakwambia.

MamaNasri
Kange ile haiko stendi kabisa, ni ndani kidogo, lakini honi za alfajiri sijazisikiliza. Tutakwenda Jumamosi in shaa Allah. Mwalimu, vile vikinga masikio vya kufunika wanavyovaa mafundi wa mashine, mtoto wa miaka saba vinamkaa? Nimeviona dukani vikubwa kubwa.

Mwl_Sahare
Vya mafundi vinambana na ni vizito, vipo vya watoto. Darasani wawili wanavyo. Mwanzo avae dakika chache akiwa na furaha, usimvalishe akiwa ameshachafuka atavichukia. Na asivae siku nzima.

PwaniRaha
Vya watoto Tanga mnavipata wapi? Mimi nilitafuta nikakosa nikaagiza Kariakoo, vikaja vimevunjika upande.

Fundi_Vitasa
Upande upi umevunjika dada, ule upinde wa juu au kikombe? Upinde unaungika, lete nikuangalizie.