Naomba ushauri: kodi ya baa inanizuia kumtii Bwana kwa moyo wote

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina jengo lenye fremu kadhaa, na mojawapo imepangishwa kwa mwenye baa ambaye kodi yake ni kubwa kuliko zote, nayo ndiyo inayolipa ada za wadogo zangu pamoja na dawa za mama yetu. Tangu nilipookoka dhamiri hainiachi, kwa kuwa naamini siwezi kumfuata Kristo nusu nusu huku nikila fedha ya ulevi unaobomoa nyumba za majirani zangu.

Tajiri wa Marko 10 aliambiwa auze vyote alivyo navyo, ilhali Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na Bwana akatangaza wokovu nyumbani mwake. Naona basi kwamba kinachodaiwa ni kile ambacho moyo umekishikilia, nami moyo wangu umeishikilia kodi hii. Hata hivyo, 1 Timotheo 5:8 inanionya nisiache kuwatunza walio wangu.

Mkataba wa mpangaji haujaisha, na kumtoa ghafla kungekuwa kuvunja ahadi niliyoitia sahihi. Je, nisubiri uishe, na kodi ya kipindi hicho niitumie au niitoe yote? Na mama, anayeuona uamuzi huu kama kunyimwa dawa zake, nizungumze naye vipi bila kumvunjia heshima? Mliowahi kuacha kipato cha namna hii kwa ajili ya Bwana, tafadhali nielezeni mlianzia wapi.