Tupeane uzoefu: simu yako na maji ya chumvi hapa Lamu

Mwenyeji wa Mkomani

Assalaam aleikum jamaa wa Amu mjini, Shela, Matondoni, na nyinyi wa Siyu, Faza na Kizingitini.

Kila simu mpya ikitoka, sifa zake huletwa na watu wa bara. Kamera yake hivi, kasi yake vile, kioo kinang'aa. Sijasikia hata mmoja akiuliza itahimili vipi chumvi. Na sisi maisha yetu ni boti. Basi la Mombasa unalifuata Mokowe kwa boti, ndege unaifuata Manda kwa boti, mgonjwa wa Pate huletwa hospitali kwa boti. Simu imo kifuani, shati limelowa. Hata asiyetoka nyumbani hasalimiki: kusi ikivuma, bawaba za milango zinashika kutu, seuze tundu la chaji.

Rai yangu naitoa mapema. Simu nyingi tunazouziwa kwa bei ya kuumiza hazikuundwa kwa ajili ya mtu wa kisiwani, na maneno ya "hii haiingii maji" tunayopewa dukani yanatupotosha. Mwenye kisa atuhadithie. Maduka na mafundi tusiwataje kwa majina, tueleze yaliyotukuta tu.

Nahodha wa Mokowe

Wa aleikumu salaam. Mimi nabeba abiria Mokowe na Amu, kwa hiyo hili ni langu.

Nilinunua simu ya maana, boksi limeandikwa IP68. Muuzaji akaniapia kwamba hata nikizama nayo itaibuka nzima. Kusi ya mwaka jana wimbi lilipiga ubavu wa boti, likanilowesha kuanzia kifuani. Simu haikuzima. Nikaipangusa kwa kikoi, nikaendelea kupokea wateja mpaka magharibi. Usiku nikaichomeka chaji kama siku zote. Alfajiri tundu la chaji limekuwa jeusi, lanuka waya ulioungua, na tangu hapo haikushika chaji.

Nikairudisha nilikoinunua. Wakachomoa kile kijisahani cha laini, wakamulika ndani kwa tochi, wakanionyesha kibandiko kidogo kilichogeuka chekundu. "Imeingia maji, dhamana imekwisha." Nikawauliza, si mliniambia haiingii maji? Wakanijibu kuwa dhamana haihusu maji. Basi ile nambari kwenye boksi imewekwa ya nini? Naomba mwenye elimu anijibu, kwa sababu mimi pesa yangu imekwenda na sijaelewa mpaka leo.

Fundi wa Langoni

Nahodha, pole sana. Hiki kisa kinaingia kwangu kila kusi ikianza, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Katika IP68, ile 6 ni ya vumbi na ile 8 ni ya maji. Ikiwa 7, simu imezamishwa mita 1 kwa dakika 30. Ikiwa 8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao kampuni yenyewe imetaja. Kipimo hicho hufanywa maabara, kwa maji matamu yaliyotulia, na simu inatoka kiwandani mpya. Humo hamna chumvi, hamna wimbi linalopiga kwa nguvu. Kinachozuia maji ni raba na gundi, navyo vinalegea kwa joto, kwa kuanguka na kwa umri. Simu ya miaka miwili iliyokwisha kufunguliwa kubadilishwa kioo, mimi siihesabu tena kuwa ya kuzuia maji, hata boksi liseme nini.

Kilichoiua yako si lile wimbi. Ni chaja ya usiku. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Ukichomeka chaja tundu likiwa na unyevu wa bahari, umeme unapita kwenye ile chumvi kutoka pini hadi pini, na madini ya pini yanaliwa. Nikiifungua simu kama hiyo naona ukungu wa kijani kandokando ya tundu, halafu umetambaa kwenye ule utepe mwembamba unaounganisha tundu na bodi, yaani lile bamba la ndani lenye vipande vyote vya umeme. Ukiletwa mapema, nausugua kwa mswaki laini na spiriti na simu inarudi. Ukishafika kwenye bodi, mara nyingi hakuna la kufanya.

Kwa hiyo bahari ikiigusa simu, izime. Usichaji. Kama ni ya kuzuia maji na haina ufa, imwagie maji matamu kidogo kuondoa chumvi, kisha iache ikauke kabisa penye upepo. Kama si ya kuzuia maji, usiimwagie chochote, izime hivyo hivyo umpelekee fundi siku ile ile. Chumvi haingoji Jumatatu.

Binti wa Matondoni

Fundi, na mchele je? Kwetu simu ikilowa tu inatumbukizwa kwenye gunia la mchele.

Fundi wa Langoni

Mchele uacheni jikoni. Hautoi chumvi, na maji yaliyojificha chini ya bodi hauyafikii. Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaambia wateja wao wasitie simu kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia na kuharibu. Walichoshauri ni kuigonga taratibu mkononi tundu likiangalia chini, kisha kuiacha pakavu penye upepo. Upepo sisi tunao.

Mwenyeji wa Mkomani

Nahodha, katika hili usijilaumu. Watu wa nchi zenye mahakama kali wamelalamikia jambo hilo hilo na wakasikilizwa. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliiamuru Samsung ya huko ilipe dola milioni 14 za Australia kwa matangazo ya miaka ya 2016 hadi 2018 yaliyoonyesha simu za Galaxy zikitumiwa kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini, ilhali tundu la chaji lingeweza kuliwa na kutu simu ikichajiwa ingali na maji. Italia nayo mwaka 2020 iliitoza Apple euro milioni 10, na moja ya hoja ilikuwa hiyo hiyo ya Nahodha: mnatangaza kuwa simu inahimili maji, kisha mnakataa kuitengeneza ikiingia maji.

Mimi siwaombei kampuni mabaya. Nataka kitu kimoja tu: boksi linalouzwa pwani liandikwe waziwazi, kwa Kiswahili, kwamba maji ya bahari hayamo kwenye ahadi. Nahodha angejua hilo asingeichaji usiku ule.

Mwana wa Wiyoni

Mimi natembea na kabambe, simu ndogo ya vitufe. Imeanguka gatini, imelowa mvua, nimetoa betri nikaianika juani, imewaka. Sina la kuongeza.

Mama wa Kofia

Naomba nami nisikizwe, ingawa yangu hayakuanza na maji.

Nashona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, na wateja wangu wengi nawapata kwa WhatsApp. Kofia moja inanichukua miezi. Mteja wa mbali haishiki mkononi, anaamini picha tu. Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini lakini ilikuwa inatoa kila kitobo, unaona uzi ulivyozungushwa. Hii niliyonunuliwa na mwanangu ni mpya na ina kamera kadhaa nyuma, ila inalainisha picha yenyewe bila kuombwa. Vitobo vinafifia, ncha za uzi zinapotea, kazi ya mkono inaonekana kama imetoka kwenye cherehani. Mteja mmoja wa Mombasa aliniuliza waziwazi kama ni ya mashine. Iliniuma sana. Hao wanaounda kamera wanadhani kila mtu anapiga picha ya uso wake tu?

Na betri yake imevimba. Kifuniko cha nyuma kimeinuka upande mmoja, ukiilaza mezani inayumba. Fundi niliyempelekea mara ya kwanza alisema ibonyeze tu irudi. Niliogopa nikaiacha.

Fundi wa Langoni

Mama, umefanya vyema kuogopa. Betri iliyovimba haibonyezwi, haitobolewi, haichajiwi. Ile ni gesi imejaa ndani, na ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Izime, iweke mbali na watoto na jua, niletee.

Joto ndilo linalozichosha hizi betri za lithiamu, na hapa joto ni la mwaka mzima. Simu ikiwa kwenye chaji chini ya mto, au darini mchana, inazeeka haraka. Lakini ninalotaka mjue ni hili: kubadilisha betri ilikuwa kazi ya kucha ya kidole. Sasa natakiwa nipashe joto mgongo wa simu, nipenyeze kadi nyembamba, niiombee isipasuke, ndipo niifikie betri iliyogandishwa kwa gundi. Mteja analipia hofu yangu zaidi ya betri yenyewe.

Tukiuliza tunaambiwa gundi ni kwa ajili ya kuzuia maji. Si kweli kwamba hakuna njia nyingine. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na IP67 na mgongo wake unaubandua kwa kidole. Mpira mwembamba ulizunguka ndani ya kifuniko, tundu la chaji lilikuwa na kizibo, betri unaitoa mwenyewe. Nimezifungua kwa mikono yangu. Walijua kuzitengeneza, wakaacha.

Ulaya wameshawabana. Sheria yao ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa imeacha misamaha yake. Naomba Mungu simu hizo tuletewe na sisi huku.

Mwongoza wageni wa Shela

Mama wa Kofia, tafuta kwenye kamera palipoandikwa urembo au beauty uzime, na usipige picha ndani ya nyumba usiku, maana mwanga ukipungua ndipo inapolainisha zaidi. Iweke kofia mlangoni asubuhi, kwenye kivuli chenye mwanga, uzi uonekane. Kama simu ina sehemu ya Pro, ile ya kujipangia picha mwenyewe, tumia hiyo.

Mama wa Kofia

Ahsante mwanangu. Nimejaribu sasa hivi kwa simu ya jirani, vitobo vimerudi.

Mvuvi wa Kizingitini

Langu ni la simu za mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku. Siku ikipita hujalipa inajifunga yenyewe. Mimi sipingi mkopo, bila mkopo nisingekuwa na simu ya kioo. Lakini aliyeupanga hakumfikiria mvuvi.

Ndani ya simu nina ramani niliyoipakua, na alama za miamba yangu ya kamba nilizoziweka moja moja. Ramani haihitaji mtandao, GPS inasoma setilaiti moja kwa moja. Tulitoka, upepo ukatuzuia nje, tukalala huko mahali hakuna mtandao. Siku ya malipo ikapita. Pesa ninazo kwenye M-Pesa, njia ya kuzilipa sina. Simu ikajifunga mkononi mwangu tukiwa bado nje, ramani yote ikafungiwa ndani, imebaki kupiga nambari za dharura, na mtandao wenyewe haupo.

Alhamdulillahi, nahodha wetu ni mzee aliyefunzwa na nyota kabla ya mambo haya. Tulirudi kwa dira na kwa macho yake. Tulipoanza kushika mtandao nilitoa laini yangu nikaitia kwenye kabambe ya mwenzangu, nikalipa, simu ikafunguka. M-Pesa tangu ianze 2007 haijali simu yako ni ya bei gani, imo kwenye laini, na siku ile niliishukuru.

Kampuni inayonidai siitaji jina. Naiambia tu: funga WhatsApp, funga muziki, funga kamera, nitakuja kulipa. Ramani na dira mniachie. Mtu hafungiwi njia ya kurudi nyumbani kwa sababu ya deni la siku moja.

Mwenyeji wa Mkomani

Mvuvi, hili naliunga mkono kwa mikono miwili. Nikisoma maoni ya watu wa mijini kuhusu simu hizi wanabishana juu ya riba. Riba ni jambo kubwa, sikatai, lakini kisa chako kiwafikie wanaoandika hizo programu.

Mwalimu wa Faza

Nami niseme la mamangu. Simu yake aliitunza mno, ameishonea mfuko wa kitambaa na haijaona bahari hata siku moja. Kioo hakina mkwaruzo, betri ni ya kubadilisha. Oktoba 2023 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye simu zenye toleo la Android la chini ya 5.0, na yake ni ya 4.4. Dada yangu yuko Muscat, na sauti zake alizokuwa akimtumia Mama kila jioni zikakatika siku moja.

Ilibidi ninunue nyingine. Mama haelewi kwa nini kitu kizima kinaitwa kibovu, na mimi ni mwalimu lakini sikuwa na jibu la kumridhisha. Fundi, hakuna namna ya kuipandisha?

Fundi wa Langoni

Kwa simu ya umri huo mara nyingi hakuna, Mwalimu. Aliyeiunda aliacha kuitolea masasisho zamani. Siku hizi baadhi yao wanaahidi miaka mingi: Google waliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 ya 2023, Samsung wakafuata kwa Galaxy S24 ya 2024. Hizo ni simu za bei ya juu. Za bei yetu, uliza kabla ya kulipa: masasisho mpaka mwaka gani? Muuzaji akishindwa kukujibu, nenda duka la pili.

Simu ya Mama msiitupe. Redio, tochi, saa ya kumwamsha alfajiri, Qur'ani ya kusikiliza, vyote vinafanya kazi bila WhatsApp.

Nahodha wa Mokowe

Fundi nimekusoma kuanzia juu mpaka chini. Swali la mwisho: nikinunua simu inayochajiwa bila waya, ile ya kuilaza juu ya kisahani, itanisaidia?

Fundi wa Langoni

Itakusaidia sana, kwa sababu tundu hulitumii na umeme haupiti kwenye chumvi. Ipanguse mgongo kwanza. Na ukiwa kazini itie kwenye ule mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni, uujaribu kwanza kwa karatasi kavu ndani ya ndoo kabla ya kuuamini. Ile yako iliyokufa bado unayo? Niletee, kioo chake nitakitumia na utapunguziwa bei.

Nahodha wa Mokowe

Ninayo. Kesho naja Amu na safari ya kwanza, nitapita Langoni nikishashusha abiria.